Waliponisuguza Magaga

Nyinyi mliolala na mifupa iliyovunjika, nisikilizeni mimi niliyelala miezi mitano hapa Mkonze, watu wakanihesabu kilema.

Kabla ya hapo nilikuwa na miguu. Nyayo zangu zilikuwa na magaga makavu, na nilipanda majabali na mtungi kichwani bila kushika kitu. Reli ilipofika Dodoma, nikapata kazi ya kuteka maji nyumbani kwa Mdachi mmoja. Mpishi wake, Feruzi, ndiye aliyeniponza. Namtaja kwa jina, na akasirike.

"Dada, magaga yako yanachora sakafu ya bwana," akaniambia. "Yasugue."

Nikayasugua kwa jiwe siku tatu mpaka visigino vikawa laini kama vya mtoto mchanga. Siku ya nne, huyo huyo Feruzi akaipaka sakafu ile ya saruji nta, bila kunionya. Nikaingia na ndoo. Mguu ukakimbia mbele, mimi nikabaki nyuma. Paja likalia ko, kama kuni kavu.

Likavimba kama boga. Mganga wa mifupa akalivuta, wanaume wawili wamenikalia kifuani, akalifunga kwa vijiti na kamba za magome. Nikawa najisaidia kwenye kigae nikiwa nimelala. Mgongo ukatoka vidonda vya usaha.

Mwezi wa tatu mganga akasema, "Mfupa umeunga. Kutembea ni juu yako."

Juu yangu! Feruzi akaja kunipa pole, mkononi chupa ya mafuta ya nyonyo. "Paka nyayo, damu itembee." Nami mjinga nikapaka. Nikasimama, nikateleza, nikaanguka tena. Miezi miwili mingine kitandani.

Shangazi yangu Mbeleje akaitupa chupa nje. "Wewe andazi? Kila siku mafuta!" Akanisugua nyayo kwa majivu, akamwaga mchanga wa korongoni toka kitandani mpaka mlangoni. "Simama. Usihangaike kuinua mguu. Sukuma mchanga nyuma."

Nikasukuma. Mchanga ukakataa kwenda, nikaenda mimi. Hatua moja tu, nikalia. Miaka yote nilidhani miguu ndiyo inayotembea, kumbe chini kusipokushika huendi popote.

Leo nachechemea, lakini shambani naenda na kurudi mwenyewe. Namshukuru Mungu na shangazi. Nawe ukianza kusimama, mwaga mchanga, futa mafuta, na anayekuletea chupa mfukuze. Feruzi mpaka leo anauliza watu kwa nini siitikii salamu yake.