Mstari Ambao Papa Karangwa Hakuumaliza

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na kwa miaka kumi na mmoja nimewafundisha watoto wa mlima wetu wa Bihambwe ushairi bila kuujua. Nalisema wazi mwenyewe kwa sababu aliyenigundua ni muuza maziwa, na mtu huyo hajui kutunza siri.

Kila mwaka nilifungua daftari langu lililochakaa nikaandika ubaoni: mshairi hukata mstari ili kuleta msisitizo. Wanafunzi walinakili, kengele ililia, nami nikaenda zangu. Mwaka huu binti mmoja, Umurerwa, akanyosha mkono.

"Madame Vestine, mushairi akikata mustari katikati, ni sababu alichoka ao karatasi iliisha?"

Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia anakili ile sentensi mara tatu. Ndivyo tunavyofanya walimu tukikosa jibu. Dirishani alikuwa amesimama Papa Karangwa na bido, dumu lake la maziwa, akiwangoja walimu watoke kwa mapumziko. Yeye alicheka kuliko darasa zima.

Papa Karangwa ni mtu wa kukera. Anakaribia miaka sitini, ana koti la kijivu ambalo halivui hata jua likiwaka, na hawezi kukupimia nusu lita bila kukusahihisha jambo. Zamani alikuwa na ng'ombe tisa. Wenye bunduki walipopita kwenye mlima wetu waliondoka nao wote kwa asubuhi moja, wakamwachia koti na fimbo. Tangu hapo anauza maziwa ya ng'ombe wa watu wengine, na anayasifia kana kwamba ni wake.

Kazi moja tu hawakuweza kumnyang'anya. Yeye ndiye msifu wa ng'ombe wa mahari. Wanapoletwa uani kwa bibi harusi, husimama mbele yao na fimbo na kuwasifu kwa Kinyarwanda mmoja mmoja: pembe zake, mwendo wake, mama yake, bibi yake, na mwishoni jina la mtu anayemtoa. Kwenye mlima wetu, jina hilo lisiposemwa, ng'ombe hajatolewa, na harusi inabaki inaning'inia.

"Madame," aliniambia siku ile huku akipima maziwa, "muntu hakate mustari sababu ya kuchoka. Unaikata pale batu banangoja kitu. Unanyamaza. Kila muntu anaijaza mu roho yake."

"Na kule kurudia jina la ng'ombe kila mara?"

"Ile ni kugonga mulango. Muntu akigonga mara moja tu, wewe unafungua?"

Akaanza kunionyesha kwa kumsifu Gaju, mmoja wa wale tisa walioibwa, yule wa rangi ya kutu, aliyempenda kuliko wenzake wote wanane. Marehemu mkewe alikuwa akisema mumewe anampenda Gaju kuliko hata yeye, na hakuwa akitania. Kengele ikalia. Nilimwachia maneno yake mdomoni nikarudi darasani kufundisha msisitizo.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, wakati wa likizo, jirani yetu Papa Nizeyimana alipokea mahari ya binti yake Umutoni. Bwana harusi alitoka ng'ambo ya mlima, mtoto wa Papa Dusabimana. Nilikaa safu ya tatu na Fanta yangu. Upande wa wageni alikuwepo mjomba mmoja wa bwana harusi ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza anafanya kazi gani. Alikuwa na simu tatu, na nyuma yake vijana wawili waliokataa viti. Sote tulimkaribisha kwa meno nje.

Ng'ombe walikuwa wanne. Papa Karangwa aliwasifu watatu wa kwanza kwa madaha, akalitengeneza koti lake, akapokea vigelegele kama mtu anayedai haki yake. Kisha akaletwa wa nne.

Alikuwa na rangi ya kutu. Pembe la kushoto lilikuwa limepinda chini, na sikio moja lilikuwa na pengo dogo. Nilimjua hapohapo. Kila mtu wa Bihambwe aliyekuwa pale uani alimjua, maana tulikunywa maziwa yake miaka na miaka. Tukaanza wote kuziangalia chupa zetu kwa makini sana.

Papa Dusabimana, kusema kweli, alikuwa amemnunua sokoni kama watu wengine wote wanavyonunua, na sokoni hakuna anayemuuliza ng'ombe ametoka wapi. Lakini sasa Papa Karangwa alitakiwa kutangaza, mbele ya wakwe na mchungaji wa kanisa na yule mjomba wa simu tatu, kwamba huyu ni ng'ombe wa Dusabimana. Akisema ni wake, harusi ya Umutoni ingekufa palepale, na pengine si harusi peke yake. Akikataa kusifu, angemwaibisha jirani. Na akilitaja jina la Dusabimana, angekuwa amemtoa Gaju kwa mdomo wake mwenyewe, huo mdomo ambao ndio mali pekee aliyobaki nayo. Nilimwonea huruma, nikainua Fanta yangu.

Aliishika vizuri fimbo yake. Kisha akaanza. Naandika hapa kwa Kiswahili ili tuelewane wote:

*Gaju, mwenye pembe lililoinama kusikiliza,*
*Gaju, uliyeshuka mlima kwa mvua na hukuteleza,*
*Gaju, binti wa Mweupe, mjukuu wa Mwenye Nyota,*
*Gaju wa*

Akanyamaza.

Nawaambia, nimesimamia mitihani ya taifa, lakini ukimya wa namna ile sijawahi kuusikia. Mchungaji aliacha kutafuna. Mama Béata, mke wa Nizeyimana, alishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. Yule mjomba aliweka simu moja chini. Jina lilitakiwa pale, uani pote palilingoja, na mwenye kulisema alisimama ameegemea fimbo yake, ametulia kabisa, kana kwamba ana siku nzima.

Nani angeweza kuvumilia? Papa Dusabimana hakuweza. Alifikiri mzee amemsahau, masikini, au anamtania mkwe kama ilivyo desturi. Akaruka kwenye kiti akapiga kelele, "Wa Dusabimana! Ni mimi!"

Uani pakalipuka kwa kicheko na makofi. Ng'ombe alikuwa ametolewa, harusi imepona. Ndipo Papa Karangwa akaendelea pale alipokuwa ameachia, kwa sauti ileile, kana kwamba hakuna aliyesema kitu:

*nyumba ambayo njia yake unaijua.*

Na yule ng'ombe, ambaye hakualikwa kusema lolote, akatembea hatua nne, akaingiza pua kwenye mfuko wa koti la kijivu, mahali chumvi yake ilipokuwa ikikaa zamani. Wageni wakafurahi kupita kiasi. Mjomba wa simu tatu alisimama kabisa. "Huyu muzee anajua kazi!" akasema, na wale vijana wawili wakapiga makofi nao.

Sisi wa Bihambwe tulipiga makofi pia. Niliona haya, na nilipiga.

Papa Nizeyimana alikuwa mtu wa haki, kwa kiasi chake. Siku ya tatu alimwita Papa Karangwa akamwambia kwamba, kwa kuwa Gaju amezoeana naye vizuri hivyo, maziwa yake atayauza yeye. Nilipolisikia hilo nilikasirika, nikamsubiri mzee njiani.

"Papa Karangwa, wanakudharau! Unauza maziwa ya ng'ombe wako mwenyewe kama mfanyakazi!"

"Madame, ulisikia mudomo yangu inasema ni ya Dusabimana?"

"Hapana."

"Basi. Alijisemea yeye mwenyewe."

Wiki iliyofuata shule zikafunguliwa. Niliandika ubaoni *Gaju wa*, nikashusha mkono, nikakaa kwenye kiti. Sikueleza kitu. Umurerwa, ambaye shangazi yake alipika siku ile ya mahari, aliinamisha kichwa, na darasa zima likatulia naye. Nilikuwa ninafundisha ushairi kwa mara ya kwanza, na ningefika mbali kama Monsieur le préfet, mkuu wa shule yetu, hangefungua mlango. Alitazama ubao, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kwa nini sentensi ya mwalimu haijaisha. Nikamwambia chaki imekatika.

Saa nne Papa Karangwa alikuja na bido. Maziwa yalikuwa na ladha ileile ya zamani. Nilijua vizuri yametoka wapi, lakini nilitaka alitamke jambo lenyewe angalau mara moja, mbele yangu, pasipo mjomba wala simu.

"Papa Karangwa, haya maziwa ni ya nani?"

"Haya?" Akafuta mdomo wa bido kwa kiganja. "Ni ya Gaju wa"

Nikangoja. Alifunga kifuniko, akalinyanyua bido begani, akateremka mlima.