Pumzi ya Hatano

Kwa miaka ishirini na miwili Setsuko alifua ovaroli za mumewe, Hatano Iwao, mpiga rangi wa kiwanda cha magari huko Mikawa, Japani. Hata zikianikwa juani kutwa, harufu ya rangi haikuzitoka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini roboti zikaanza kuingia kiwandani. Kwanza za kuchomelea vyuma, kisha vigari vya kubebea vipuri vilivyojiendesha vyenyewe. Hizo hazikumgusa Iwao. Iliyomgusa ni ya kupaka rangi, maana hiyo haikujua kitu mpaka ifundishwe: fundi aushike mkono wake wa chuma, apake mlango mmoja kama kawaida yake, nayo ikariri kila mwendo. Wakamchagua Iwao. Hakuna aliyekuwa na mkono kama wake.

"Hatano anafunda mwali!" wenzake wakamtania.

"Mwali wangu hanuni wala hagombi," akawajibu. "Wake zenu je?"

Jioni ile nyumbani hakutania. Supu ya miso ilipoa mbele yake.

"Setsuko, leo nimeipa ile mashine mkono wangu wote. Sijui nimebaki na nini."

"Umebaki na kikohozi. Kesho twende hospitali."

"Kesho kutwa."

Kesho kutwa hiyo ilichukua miezi saba. Walipofika, mapafu yalikuwa yamekwisha. Iwao alifariki wiki moja kabla ya chai ya kwanza ya mwaka kuchumwa.

Ibada ya Kibudha ya siku ya arobaini na tisa baada ya kifo ilipopita, Setsuko alikwenda kiwandani kuchukua vitu vya marehemu. Nagumo, msimamizi wa zamu, akamkabidhi viatu, kikombe na taulo.

"Shemeji," akasema kwa kusitasita, "ungependa kuiona? Ile aliyoifundisha."

Wakasimama nyuma ya kioo. Mkono wa chuma ukashuka, ukaanza kupuliza rangi nyeupe taratibu, kwa mwendo ambao Setsuko angeutambua popote. Ulipofika kona ya chini ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Mlango wa pili, kona ileile, ukasimama tena.

"Imeharibika?"

Nagumo akainamisha kichwa. "Hapana. Siku ile alibanwa na kikohozi hapo. Mhandisi alitaka warudie, Iwao akasema hana pumzi ya kurudia. Rangi ilikuwa imekaa vizuri, tukaacha."

Setsuko akaweka kiganja juu ya kioo. Ilipita milango kumi na mmoja kabla machozi hayajamtoka.

"Alikuwa anakohoa mbele yenu nyote," akasema. "Na mbele yangu. Ningemburuta hospitali siku ileile."



Tangu hapo, kila kumbukumbu ya kifo ilipofika, Setsuko alirudi pale kwenye kioo na kasha la vitonge vya mchele vyenye maharage matamu. Mwaka wa saba alikuta roboti mpya, zilizofundishwa kwa kompyuta. Zilizunguka kona zote bila kusimama.

"Ile ya zamani ilikwenda kwenye vyuma chakavu mwezi wa pili," Nagumo akamwambia. "Nilishika simu nikupigie, shemeji. Sikujua nianzie wapi."

"Ungeanzia popote."

Akawapa vitonge vile wafanyakazi waliokuwa mapumzikoni. Hakuna hata mmoja aliyemjua Iwao.

"Mama, mumeo alikuwa idara gani?" mmoja akauliza huku akitafuna.

"Rangi."

Akangoja wamalize kula, akalifunga kasha tupu kwa kitambaa, akaenda kungoja basi.