Chumba Kilichokuwa Kikigeuka Chekundu

Fundi wa kompyuta ndiye aliyesababisha Mbodze afukuzwe kazi ya kufua hotelini Diani. Ni kijana wa bara, vidole vyembamba, na kila anapofuta kitu kwenye programu hupuliza kibodi kama anayepuliza majivu.

"Mathe, hii sehemu imekufa kitambo," alimwambia Mbodze siku aliposafisha programu ya hoteli, bila kugeuka. "Inaita skrini ya kule mnakofua, hakuna anayejibu." Akafuta, akapuliza. Mbodze hakujua kusoma, hakuwahi kubonyeza kitufe cha kujibu. Mgeni alipohitaji mashuka, chumba chake kiligeuka chekundu kwenye picha ya hoteli katika skrini ile, na Mbodze akayabeba akaenda. Kujibu kwake kulikuwa huko kwenda. Baada ya hapo hakuna chumba kilichogeuka chekundu tena, wageni wakalalamika, meneja akamwita mvivu, akamfukuza. Fundi alikuwa pale pale, kwenye kompyuta ya meneja. "Mwanangu, si umwambie ulifuta," Mbodze alimsihi. Fundi akainamia kibodi kisicho na vumbi, akapuliza.

Hadi leo wakikutana Ukunda humwamkia shikamoo kwa adabu zote. Mbodze haiitikii. Anamdai maneno machache tu mbele ya meneja: mimi ndiye niliyefuta.