Kamiyo Iliyougua Mbele ya Sufuria

Juzi shofere wangu alinipigia simu kutoka njia ya Kailo: "Patron, moteri imepata moto sana, tunasimama kidogo." Nyuma yake nilisikia sahani zikigongana.

Nilipokuwa mutoto, mama alinipeleka kwa bibi kule Kailo, juu ya magunia ya kamiyo, lori la muzigo. Kwenye kona ya mama mumoja muuza wali na sombe, yale majani ya muhogo, harufu ya mawese ilitufikia, na hapo hapo moteri ikazimika. Karani mumoja musafiri mwenzetu, musomi aliyevaa suti ya abakosi, akatufundisha: "Njo radiateri. Tutalala hapa." Wajinga wote wakanunua chakula. Mimi nililia kwa kuogopa pori, na karani akaimaliza sahani yangu huku akinituliza.

Shofere wa kamiyo ile alipewa na yule mama muuzaji paja la kuku bure. Alipomaliza kula na kunawa mikono, moteri ikawaka. Nikaamini sombe ile njo dawa ya moteri, nikafika kwa bibi na njaa.

Wasomi njo vile: wanajua jina la kila ugonjwa, hawajui kama mugonjwa anadanganya. Mimi bila diplome niko na kamiyo tatu.

"Pole, mutoto wangu," nikamujibu shofere wangu kwenye simu. "Maliza paja la kuku, itapona."