Nilivyompeleka Sofia Subukia Nikarudi na Pikipiki

Mimi niliondoka nyumbani kwa sababu ya hasira. Kila asubuhi nilikuwa nasimama pale stejini Dundori na mitungi yangu ya maziwa, na vijana wa boda wananipita kama mti. Mmoja aliniambia wazi, "Shosh, wewe na hiyo mitungi ni abiria watatu." Maziwa yakawa yanachelewa kufika kwa mtambo wa kupoza, yanakataliwa, narudi nayo nyumbani, nguruwe wa jirani wananenepa kwa jasho langu. Nikasema basi. Nitakuwa na pikipiki yangu, na nitakaa juu yake kama mwenye mali.

Mpya singeweza. Lakini kwa mazishi fulani nilikuwa nimesikia habari za mzee wa Subukia anayeitwa Ngure. Huyu alikuwa akizunguka na mbegu za madume akipandisha ng'ombe za watu, na alipostaafu, pikipiki yake ikastaafu naye. Pesa hakutaka. Alitaka ng'ombe wa kumpa maziwa ya chai uzeeni.

Ng'ombe nilikuwa naye. Sofia alikuwa amezeeka na chuchu moja ilikuwa imekufa, lakini alikuwa na mimba. Na sasa sikilizeni, kwa sababu shida yote iko hapa. Mama yake Sofia na nyanya yake ndio walionisomeshea watoto. Zizini kwangu hakukuwa na jike mwingine wa ukoo ule. Sofia ningempa Mzee Ngure. Ndama aliye tumboni, hapana.

Asubuhi ya safari tulimpakia Sofia kwa pikapu ya viazi niliyokodisha. Nilikwenda na mjukuu wangu Wambui, ambaye amefanya kazi ya gereji Nakuru mjini na anajua injini kama mimi ninavyojua viazi. Amepewa jina langu, kwa hivyo kwa desturi yetu yeye ni mimi. Baba yake, ambaye ni mtoto wangu, humwita "mama". Hiyo ni heshima nzuri hadi siku anapokugombeza, maana huwezi kujibu. Umejigombeza mwenyewe.

Tulishuka hadi Lanet, tukapanda Bahati, na Sofia akawa anatazama barabara kama mkubwa wa serikali anayekagua. Baada ya Bahati barabara inamwagika kwenda bondeni. Pale juu unaona Subukia yote chini yako, kahawa, mahindi, mabati yanameta. Nikasema pazuri. Kumbe mteremko ule ulikuwa unanitazama tu, unaniwekea yangu.

Kwa Mzee Ngure tulipewa chai kwanza, kwa sababu hapo hakuna mtu angeanza biashara na koo kavu. Halafu akatupeleka kwa stoo ya kahawa. Pikipiki ilikuwa imesimama gizani, magurudumu yamelala, kiti kimepasuka, na ndani ya mpasuko kuku amelalia mayai. Wambui akaizunguka, akajaribu kukanyaga stata, mguu ukakataa kushuka. Akaniambia pistoni imeshikana. Nikamwuliza kama hiyo ni ugonjwa au ni kifo. Akasema ni ugonjwa.

Mzee Ngure naye alikuwa anamzunguka Sofia. Alimwekea kiganja ubavuni, akafunga macho kama anayeomba, akasema, "Huyu amebeba mtamba, ndama wa kike. Nimeshika ng'ombe maisha yangu yote, hapa sikosei."

Hapo sasa kila mtu akamtaka ndama. Yeye akasema ng'ombe anauzwa na tumbo lake. Mimi nikasema pikipiki isiyotembea ni chuma cha kufungia mbuzi, nyongeza lazima. Tulivutana mpaka chai ya pili. Mwishowe akasimama, akaonyesha geti.

"Mama Kamau, pikipiki ikipita hapa ikijiendesha yenyewe kabla Sofia hajazaa, ndama ni wako. Sofia akitangulia, ni wangu."

Tukashikana mikono. Kabla ya kuondoka nilimfungua Sofia kamba yangu nikaikunja, kwa maana kwetu ng'ombe anauzwa lakini kamba yake inarudi na mwenyewe, la sivyo baraka za boma zitamfuata. Mzee akaniangalia nikiikunja. Akaiendea pikipiki, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Hata hii nimekaa nayo kama ng'ombe," akasema. Ufunguo ndio kamba ya pikipiki, ningeudai vipi? Kamba ya Sofia ilikuwa mkononi mwangu.

Nyumbani Dundori, pikipiki, iliyorudi kwa pikapu ileile, ilifunguliwa ikaenea kila mahali. Injini ilikaa mezani sebuleni, juu ya gazeti. Kabureta ilikaa kwa sufuria ya uji, na uji ukahamia kwa birika. Wambui alimwaga mafuta ya taa ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, tukaiacha ilowe, tukawa tunaitikisa kila tukipita, hadi asubuhi moja nikiwa nafagia nikasikia ikisema *tk*. Pistoni ilikuwa imeachilia. Nilipiga kigelegele, jirani akaja kuuliza nani amezaa. Ringi mpya na sahani za klachi Wambui alizitoa mjini. Kwa sababu ya ufunguo wa Mzee, alitoa waya mbili chini ya tangi: ukizigusanisha inawaka, na haizimi mpaka uzitenganishe.

Tangi lilikuwa limejaa kutu. Wambui akatia kokoto na mafuta ya taa, akaniambia litikiswe siku nzima. Mimi nina mambo yangu, lakini nimelea watoto. Nikalifunga mgongoni kwa leso nikaenda nalo chamani. Kila nikisonga, *kacha kacha*. Wakati wa maombi katibu alifungua jicho moja akaniuliza kama mtoto yuko sawa. Nikamwambia anaota meno. Lakini jioni tulipomwaga, kutu ilitoka nyekundu kama supu ya maharagwe, na tangi likang'aa ndani kuliko sufuria za huyo katibu.

Siku ya kwanza kuwaka, ilitoa moshi mweupe hadi kuku wakalala saa nane wakidhani jua limezama. Ilitembea uani vizuri, ila breki ya nyuma ilikuwa inalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Wambui akafungua lile gurudumu, akaliacha mezani, akaenda Nakuru kutafuta cheni. Nikabaki na zile breki, zimekaa wazi mbele yangu, kavu, zinanihurumisha. Kitu kikilia ni kwa sababu kimekauka, au sivyo? Nikaleta mkebe wangu wa jeli ya kukamulia, ile ninayopaka ng'ombe chuchu zisipasuke, nikapaka mahali pote, nikaziacha vile nilivyozikuta. Wambui aliporudi akarudisha gurudumu. Breki zikanyamaza kabisa. Nikajisifu kimoyomoyo.

Halafu Mzee Ngure akapiga simu. Akasema kiwele cha Sofia kimejaa na anazunguka zunguka. "Nakuambia kwa sababu mimi si mwizi," akasema, akakata.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka, Wambui mbele, mimi nyuma na gambuti zangu mpya. Pale stejini nilimwambia Wambui apunguze mwendo, vijana wanione vizuri. Wakaniona. "Mathe, hiyo ndege umetoa wapi?" mmoja akauliza. Nikanyoosha shingo. Mtu wa maana hajibu akiwa safarini.

Lanet tukapita, Bahati tukapanda, pikipiki inakohoa lakini inakwenda. Tukafika pale juu nilipopasifu, tukaanza kuteremka. Wambui akakanyaga breki. Tukaongeza mwendo. Akakanyaga tena na kuvuta ya mbele kwa nguvu, na waya wa ile ya mbele ukakatika. Niliona mahindi yanapita kwa haraka isiyo ya kawaida ya mahindi.

"Shosho," Wambui akasema bila kugeuka, "umeweka nini kwa breki?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ya nini?"

"Ya kukamulia."

Mabega yake yakainuka hadi masikioni. Nikajua nimejikasirikia sana.

"Shosho, teremsha miguu."

Nikateremsha gambuti zote mbili kwenye lami. Wambui akashusha gia mpaka ya kwanza, injini ikapiga kelele, mimi nikapiga kelele, na moshi wa raba ukatufuata nyuma kama harusi. Lori moja lilitupisha. Tulipofika bondeni soli zilikuwa nyembamba kama chapati, lakini tulikuwa wazima.

Geti la Mzee lilikuwa wazi. Kusimama hatukuweza. Tulipita pale getini, tukapita katikati ya kuku, tukaingia ndani ya rundo la majani ya nepia, na tukabaki humo pikipiki bado inanguruma hadi Wambui akazipata zile waya.

Nilipotoa kichwa nikamwona Sofia. Alikuwa amelala ubavu, na miguu miwili ya ndama imetoka nje. Mzee Ngure na jirani yake Mama Shiro walikuwa wameishika.

"Nimefika kabla," nikasema.

"Miguu ilitoka bado mko mlimani," Mzee akasema. "Tuliwasikia."

"Miguu si ndama. Ukiona miguu yangu mlangoni utasema nimeingia?"

"Vuteni kwanza," Mama Shiro akasema. "Mtagombana mkivuta."

Nikashika mguu mmoja, Mzee mwingine, tukavuta kila Sofia aliposukuma, na katikati tunabishana. Nikamwomba Mama Shiro aseme mbele ya Mungu kama hakuona gurudumu likipita geti. Akasema aliliona likipita, na alimwona pia kuku aliyekoswakoswa. Nikasema mmesikia, shahidi huyo. Kichwa kikatoka, mabega yakakwama, tukaacha maneno kwa sababu Sofia alikuwa anaumia kweli. Nilimwita kwa jina lake na jina la mama yake. Akasukuma, na ndama akateleza mikononi mwetu, moto, anapumua.

Mzee alimpangusa pua kwa nyasi. Akainua mguu wa nyuma, akatazama. Akauteremsha polepole.

"Mama Kamau," akasema kwa sauti ya kanisani, "umeshinda."

Nikainama nikatazama mwenyewe. Dume.

"Lakini kusema kweli, Mzee," nikasema, "miguu ilitangulia."

"Miguu si ndama. Ni wewe umesema, na shahidi yuko."

Mama Shiro akalazimika kwenda kuegemea ukuta akicheka. Nilikaa juu ya ndoo. Nimekuja mlima mzima nikichakaza gambuti kwa ajili ya ukoo wa kike, na mtu wa maziwa hana kazi na dume. Mzee aliona uso wangu, akaja karibu. Akaniahidi Sofia akipandishwa tena atamchagulia mbegu yeye mwenyewe, na huyo atakayezaliwa, mtamba, ni wangu bila mashindano. Nikamwuliza kama atachagua kwa mkono uleule ulioniambia huyu ni mtamba. Akautazama huo mkono. Halafu akautia mfukoni na kunitolea ufunguo.

Tulimwacha ndama anyonye maziwa ya kwanza. Wiki iliyofuata, na breki mpya ambazo Wambui hakuniruhusu hata kuzitazama, tukaenda kumchukua. Alirudi Dundori ndani ya gunia katikati yetu, kichwa nje, tumbo lake juu ya kile kiti kinachotetemeka, akalala kuanzia Bahati hadi nyumbani.

Kwa hivyo nimejifunza nini? Jeli ya kukamulia ni ya chuchu, basi. Na kabla hujatafuta shahidi, inua mguu wa ndama kwanza. Yule dume nimempa jina Ngure, ili nikimgombeza nisikie vizuri. Kila asubuhi Wambui akiwasha pikipiki tupeleke maziwa, Ngure anakimbia hadi kwenye ua na kulia, anaiita. Anadhani ni mama yake. Wanangu wananiambia nimwonyeshe ukweli, lakini sijui nianzie wapi, kwa sababu mama yake ndiye niliyemtoa kuipata hiyo pikipiki.