Boila la otomatiki la Nosy Be na nyumba ya Zaina iliyokosa paa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma ule uzi wa kijana anayesema AI itawamaliza mafundi wote, wa friji, wa magari, wa mitambo, hakuna atakayebaki. Nikacheka sebuleni peke yangu mpaka mke wangu akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia wanasema mashine sasa zitajitibu zenyewe.

Akasema, "Waambie habari ya Mzee Madi."

Basi nawaambia. Sitatia chumvi, maana mke wangu amekaa hapa pembeni na hii habari anaijua kuliko mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Mahajanga, Madagascar, mtaa wa Tanambao, familia ya Kingazija. Kiswahili nimekijulia ukubwani baada ya kuhamia huku Tanga. Kwetu mtaani ni Kimalagasi, ofisini Kifaransa, ndani ya nyumba Kingazija. Kiswahili cha babu kilikuwa kimebaki kwenye dua na maneno mawili matatu ya biashara. Nikiteleza mnivumilie, na mazungumzo yote hapa chini nimeyatafsiri.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera mpya, nyimbo mpya, kila mtu anazungumzia maendeleo. Mimi nilikuwa fundi wa boila kwenye karakana moja pale Mahajanga. Niliianza kazi kwenye kiwanda kidogo njia ya Belobaka, nikaunguzwa na mvuke mara kadhaa, nikakomaa.

Kwa wasiojua, boila ni tangi la chuma la kuchemshia maji upate mvuke. Likikosewa adabu linaua.

Karakana yetu ilikuwa inahudumia pia Nosy Be, kile kisiwa cha kaskazini chenye mashamba ya langilangi. Maua ya langilangi huchumwa alfajiri na yanatakiwa kuingia kwenye mitungi ya shaba asubuhi ileile. Mvuke unapita kwenye maua, mafuta yanatoka, yanapelekwa Ulaya kwenye manukato. Ua likichelewa linakuwa la kahawia na harufu inaondoka. Hapo ni la kutupa tu.

Kwenye shamba moja huko kulikuwa na boila la kuni, na mwenye kulitia kuni alikuwa Mzee Madi. Mngazija mwenzetu, mfupi, mkimya, kofia kichwani hata mbele ya moto. Nilipokwenda mara ya kwanza kubadilisha mabomba alinikaribisha kula kwake.

Huko ndiko nilikomwona Zaina, binti yake.

Zaina alikuwa anapima maua kwenye mizani pale kiwandani. Ulimi wake ulikuwa mkali na nilimpenda hivyohivyo. Nikatuma wazee, Mzee Madi akakubali. Likabaki jambo moja.

Sasa hapa lazima niwaeleze desturi, la sivyo hamtaelewa.

Kwetu Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, na mume ndiye anayehamia na sanduku lake. Bila nyumba hakuna harusi. Mzee Madi alikuwa anajenga kidogo kidogo kwa ujira wake wa boila. Kuta zilikuwa zimesimama, milango ipo, paa bado. Alisema msimu ule wa maua ukiisha atanunua mabati.

Nikarudi Mahajanga nikiwa bwana harusi mtarajiwa. Nilikuwa natembea kama nina cheo.

Haikupita muda mrefu, tajiri wa karakana akaniita. Shamba la Nosy Be limeagiza boila jipya kutoka Ufaransa. Otomatiki. Linawaka kwa mafuta, linajivutia maji lenyewe, likipungukiwa maji linajizima lenyewe. Halihitaji mtu wa kulitazama.

"Na fundi wa kulifunga ni wewe," akasema.

Wakuu, hebu oneni mtihani huo. Naambiwa niende nikafunge mashine itakayomwondoa kazini baba mkwe wangu kabla hajapandisha mabati.

Ningekataa angetumwa mwingine. Nikaenda.

Zaina alikuja kunipokea bandarini akiwa na shangazi yake. Hakunisalimia kwanza. Alisema, "Wewe bwana, unakuja kumfukuza baba kazi, kisha unataka kulala kwenye nyumba anayojenga yeye?"

Nikainama kubeba sanduku langu la spana. Jibu la swali lile mpaka leo sijalipata.

Mzee Madi mwenyewe hakulaumu. Alinisaidia kubeba mabomba na kunishikia ngazi. Mkurugenzi, Mfaransa mmoja mtaratibu ambaye wafanyakazi walimwita Mesye, alikuwa ameshamwambia kwamba abaki mpaka mashine izoee, halafu watazungumza. Kila mtu alijua hayo mazungumzo yataishaje.

Boila likawaka. Nakiri lilikuwa zuri. Kitufe kimoja tu, moto huo, mvuke huo. Mesye alifurahi, mimi nilifurahi kama fundi na nikaumia kama mkwe. Sijui kama mmewahi kuwa hivyo, mtu mmoja mwenye mioyo miwili.

Siku chache mbele, asubuhi, vikapu vimejaa maua, boila likazima.

Nikaliwasha. Likazima tena.

Taa nyekundu ilikuwa inasema hakuna maji. Nikatazama kioo cha pembeni, maji yapo. Mashine inaona kiu na tumbo limejaa.

Nikafungua manual. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, hata leo naiheshimu. Kama maji yapo na taa inawaka, kagua umeme. Nikakagua umeme, mzima. Kagua swichi. Nzima. Nikafuata mshale baada ya mshale mpaka ukurasa ukaisha, na boila limelala vilevile.

Huku nyuma maua yanaanza kubadilika rangi. Wale kina mama waliokuwa mashambani tangu alfajiri walikuwa wamesimama mlangoni na vikapu vyao, kwa sababu ua lililokufa halipimwi, na lisilopimwa halilipwi. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kusoma au kufanya kazi. Zaina yuko kwenye mizani, ananiangalia tu.

Niwaambie ukweli wa moyo wangu. Kuna sauti ilikuwa inaninong'oneza: liache lishindwe. Lishindwe tu, Mzee Madi arudi kwenye kuni zake, mabati yapande, uoe.

Lakini vile vikapu vilikuwa vinakufa mbele ya macho yangu.

Nikafunga kitabu. Nikaacha boila lipoe na mvuke uishe, nikafungua kile kichumba kidogo cha pembeni ambamo boya hupanda na kushuka kufuata maji. Manual haikusema kukifungua, kwa sababu mashine ilikuwa mpya na hapakuwa na sababu ya kuwa kichafu.

Nikaingiza mkono. Vidole vikateleza.

Mlenda, wakuu. Ute ule wa bamia iliyopikwa ikalala. Boya lilikuwa limenaswa chini kwenye ute, mashine ikaamini maji yamekwisha, ikajizima kwa usalama kama ilivyofundishwa. Haikukosea hata kidogo.

Ute huo niliujua. Ni raketa, ule mpungate wa miiba uliojaa kule kwetu. Mafundi wa zamani walikuwa wanatia vipande vyake kwenye maji ya boila ili chokaa isigande kwenye chuma. Maji ya kisima cha lile shamba yalikuwa na chokaa ya kutosha kuua boila lolote.

Na pale shambani mtu mmoja tu alikuwa na desturi ya kukata raketa.

Nikamwona Mzee Madi amekaa kwenye rundo la kuni ambazo hazina kazi tena. Nikamwendea kabla sijasema neno kwa mtu yeyote.

"Mzee, umetia raketa kwenye tangi la maji?"

"Kila alfajiri," akasema, bila kuficha. "Mmeleta boila jipya, mwanangu, lakini maji ni yaleyale. Lile la zamani nimelilisha miaka yote. Hili nalo nani angelilisha?"

Mzee alikuwa anajua kabisa kwamba ile mashine ndiyo inayomtoa, na bado akaamka gizani kuitafutia dawa isife.

Sasa fikirieni. Nikimwambia Mesye, Mzee Madi ataitwa mharibifu na atafukuzwa mchana ule. Nikinyamaza, mashine itazima tena kesho, na keshokutwa atakuja fundi mwingine atakayegundua na kulitamka jina lake bila huruma.

Nikamwambia, "Mzee, twende wote kwa Mesye."

Akavaa kofia yake sawasawa, tukaenda.

Nilieleza yote, Mzee Madi amesimama kando yangu. Nilisema raketa ndiyo iliyonasa boya. Halafu nikasema pia, bila raketa hili boila litajaa chokaa na mabomba yatapasuka, na hapo hakuna kitufe kitakachosaidia. Huko kiwandani kwao Ufaransa hawakukosea. Walitengeneza kwa maji waliyoyajua wao.

Mesye akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama linaweza kufanya kazi leo.

Nikasema linaweza, lakini kuanzia leo raketa ilowekwe kwenye pipa la nje, ichujwe kwa kitambaa, ndipo maji yake yaingie kwenye tangi. Na kile kichumba cha boya kisafishwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kinahitaji mkono unaojua ute umezidi au umepungua, kwa sababu kisima nacho hubadilika mvua ikinyesha.

"Mkono wa nani?" akauliza.

Nilimtazama Mzee Madi tu.

Mesye naye akamtazama. Hakutabasamu. Alisema tu, "Mpaka mwisho wa msimu, halafu tutaona," kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Tulisafisha mimi na mzee, mikono yote minne ndani ya ute. Nusu ya maua ya siku ile tuliyatupa, na kina mama walinisema mpaka jua likazama, walikuwa na haki. Nusu nyingine iliingia kwenye mitungi na harufu ikajaa shamba zima.

Msimu uliisha boila linawaka. Mwingine ukaja na ukaisha. Mesye hakuyarudia yale mazungumzo. Mzee Madi alibaki na boila lake la otomatiki mpaka macho yalipochoka, na aliyempokea kazi alifundishwa na yeye raketa ya kukata ni ipi na ya kuacha ni ipi.

Sasa turudi kwenye AI yenu.

Juzi nimeiuliza kwenye simu: boila linajizima, taa inasema hakuna maji na maji yapo, tatizo nini? Ikanipa orodha ndefu, nzuri, na boya lililonasa lilikuwemo. Nikaiheshimu kama nilivyoiheshimu ile manual. Mimi siyo mshindani wake.

Ila haikuniuliza ni nani anaamka alfajiri pale shambani, na anapenda nini. Mtaniambia mtaifundisha raketa. Ifundisheni. Kesho kuna mtu mwingine mahali pengine ataiwekea mashine yenu kitu kingine kwa nia njema kabisa, na hatamwambia mtu, kwa sababu hajaulizwa. Fundi ndiye anayetakiwa kwenda kukaa naye kwenye rundo la kuni.

Vijana mnaosoma ufundi, msiogope. Jifunzeni mashine, na hizo app zitumieni. Lakini mkifika kwa mtu mkakaribishwa chakula, kaeni mle.

Mke wangu amesoma mpaka hapa juu ya bega langu. Anasema nimesahau mabati.

Sijasahau. Yalipanda mwisho wa msimu uleule. Nilihamia na sanduku langu la nguo na lile la spana, na usiku wa kwanza mvua ilinyesha. Tulilala macho wazi tunaisikiliza juu ya bati, mpaka Zaina akasema, "Sasa jibu swali langu la bandarini."

Anauliza hadi leo.

Haya, mafundi wenzangu, semeni na nyinyi. Ni kitu gani mlichokikuta ndani ya mashine ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote, na ni mkono wa nani uliokiweka?