Mashine ya Tatu Ilikuwa Baridi

Nilizaliwa kwenye kota za polisi. Baba alikuwa koplo, mtu wa kaskazini, na Kiswahili nilikinyonya huko pamoja na adabu ya kusimama wima kila mwenye bunduki akipita. Kwa hiyo mtu asinifundishe woga. Ila woga ninaousimulia hapa ulikuwa wa namna yake, kwa sababu uliletwa na hesabu iliyokuwa sahihi.

Kituo chetu cha umeme kilikuwa kando ya barabara ya Port Bell: banda la mabati, tangi moja la mafuta, na mashine tatu za dizeli. Siku za kawaida tulikaa tu, maana umeme wa Kampala ulitoka Jinja, na mashine zetu zilikuwa za akiba. Mimi nilikuwa karani wa chumba cha swichi, mwanamke pekee mahali pale. Nilisoma mita na kupanga kila mashine ibebe mzigo kiasi gani. Mkuu wa zamu alikuwa mzee wa Kiislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani. Alipewa cheo hicho baada ya mhandisi wetu Mhindi kufukuzwa nchini pamoja na wenzake. Mhindi aliondoka na masanduku mawili, akatuachia michoro ya jinsi mashine zote tatu zinavyokunywa mafuta, kwenye karatasi za miraba. Mzee aliitunza michoro ile kwenye bahasha, akanifundisha kuisoma.

"Usiulize mashine imekunywa kiasi gani tangu asubuhi," aliniambia. "Uliza, nikiiongezea mzigo kidogo sasa hivi, itataka mafuta mangapi zaidi? Inayotaka machache, ndiyo uiongezee. Mashine mbili zikitaka sawa, acha hapo hapo."

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume yeyote wakati ule, na sioni haya kusema. Mashine ya kwanza ilikuwa kubwa na yenye bidii, lakini ukiizidishia mzigo ilianza kubugia mafuta. Hapo kilichozidi uliipa ya pili. Ya tatu ilikuwa kongwe, na ilikunywa sana hata ikizunguka bila kazi. Dawa yake ilikuwa kuizima kabisa.

Jumanne moja dhoruba iliangusha nguzo za laini kubwa ya Jinja. Tukaambiwa tubebe hospitali, kambi za jeshi, redio, na pampu za maji za Ggaba, basi. Lori la mafuta lilikuwa njiani kutoka Kenya, lingefika Jumatatu. Nikapiga hesabu, mzee akairudia: mashine mbili zikigawana mzigo kwa ile njia yetu, mafuta yangetutosha mpaka Jumatatu na kubaki kidogo.

Jumatano akaja kapteni aliyetumwa kutusimamia. Hakuwa mkali wa sura. Alikuwa na sauti ya chini na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya banda. Alisimama mbele ya mashine ya tatu.

"Hii moja inalala kwa sababu gani?"

"Inakula mafuta sana, afande," mzee alijibu.

"Jeshini hakuna askari analala, mwenzake anabeba mzigo. Yote tatu ibebe sawasawa. Nikikuta moja imelala, nitajua hapa iko adui."

"Ndiyo, afande."

Alipoondoka nilikaa na penseli, nikapiga hesabu upya. Mzigo ukigawanywa sawa kwa mashine zote tatu, mafuta yangekwisha Jumapili. Tukimtii, hospitali na kambi zingekuwa giza na sisi tungeitwa wahujumu. Tusipomtii, tungeitwa wahujumu siku hiyo hiyo. Na wakati ule mtu akiitwa hivyo aliwekwa kwenye buti la gari, na nyumbani kwake hawakuletewa hata maiti wamzike. Nilimwambia mzee kwamba nataka kutoroka. Akanipa chai yake.

"Afande atakuja tena kesho saa nne kama leo, akishakunywa chai," alisema. "Saa tatu na nusu tutaiwasha ile kongwe ipate moto. Akienda, tunaizima."

Alhamisi mambo yalikwenda hivyo hivyo. Kapteni alifika, akaona zote zinanguruma, akaondoka. Nilicheka peke yangu chooni kama mwendawazimu. Ijumaa alifika saa mbili.

Alipita mashine ya kwanza, akapita ya pili, akavua glavu na kuweka kiganja juu ya mashine ya tatu, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akakiacha pale. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha swichi.

"Baridi," alisema.

Akaja mezani. Karatasi ya mpango wa siku ile ilikuwa wazi, kwa mwandiko wangu wa penseli. Pale kituoni tulikuwa na desturi moja: karani anaandika mpango kwa penseli, na jioni mkuu wa zamu anaulinganisha na mita, kisha anautia sahihi kwa wino. Karatasi isiyo na sahihi ni ya aliyeiandika, na makosa yake ni yake. Sahihi haikutiwa asubuhi hata mara moja tangu niajiriwe.

"Nani alipanga hii?"

Nilijua natakiwa kujibu. Nimejiuliza mara nyingi kama ningejibu, na jibu langu la kweli ni hapana. Mzee alichomoa kalamu mfukoni, akainama, akatia sahihi chini ya tarakimu zangu bila haraka.

"Ni yangu, afande."

"Na huyu?"

"Huyu anasoma mita tu. Hesabu haijui."

Nikatikisa kichwa kukubali. Sijui hesabu.

Walimchukua akiwa na kofia yake mkononi. Kapteni aliacha askari mmoja alinde lango, akaniambia zote tatu, sawasawa. Nikaiwasha ile kongwe. Nikagawa sawa Ijumaa, nikagawa sawa Jumamosi, na kila nilipoongeza mzigo niliyajua mafuta ninayoyamwaga. Askari yule hakuijua mashine hii wala ile. Mchana alilala kivulini, kofia usoni. Ningeweza kuizima ya tatu, asingeamka. Nilikwenda mara mbili mpaka kwenye swichi yake, mara zote mbili nikarudi kukaa.

Jumapili alasiri mashine zilikohoa, zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nilikaa na mkoba wangu mapajani nikingoja gari. Askari alipiga simu kambini kueleza. Akarudi akaniambia kapteni alihamishiwa kazi nyingine tangu Jumamosi, na hakuna anayejua habari za mashine.

Kwa hiyo hakuja mtu.

Jumatatu asubuhi lori lilifika kama lilivyoahidiwa. Lilikuwa likimimina mafuta tangini mwetu nilipoitwa langoni. Alikuwa mke wa mzee, nilimjua kwa chakula alichokuwa akituletea wakati wa Ramadhani. Alibeba kifurushi cha nguo safi za mumewe. Askari alisimama hatua mbili kutoka kwetu, akitafuna njugu na kutusikiliza.

"Jana maji yalikatika kwetu Kasubi," mama alisema. "Majirani wanasema mafuta yaliisha pampu zikasimama. Lakini yeye Alhamisi aliniambia yatatosha mpaka Jumatatu. Alikuwa na uhakika kabisa. Niambie wewe mwanangu uliyekuwa naye, alikosea?"

Askari aliacha kutafuna.

"Alikosea, mama," nilisema.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante kwa kuniambia ukweli," alisema. Akaniachia kile kifurushi, nimpe akirudi.